Pikipiki imetoka sevisi kwa wakala na bolti ya kumwagia oili imelegea: nikague vipi bila kuharibu nyuzi?

Mkazi wa Nzuguni:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaomba ushauri wa mafundi, na pia wa wamiliki waliokwisha kukutana na jambo hili. Pikipiki yangu ni ya cc 150, silinda moja, inayopozwa kwa hewa, na bado ipo ndani ya waranti, kwa hiyo sevisi zote hufanyiwa kwa wakala aliyeniuzia hapa Dodoma mjini. Ninaitumia kwenda kazini Mtumba, na siku za mapumziko huenda nayo shambani, ambako njia ni vumbi na makorongo.

Baada ya sevisi ya mwisho niliiegesha nyumbani juu ya sakafu ya saruji, na asubuhi nikakuta doa la oili mpya chini ya injini. Nilipolala chini kuangalia, niliona tone jingine linaning'inia kwenye kichwa cha bolti ya kumwagia oili, na nilipoishika bolti yenyewe kwa vidole ikazunguka bila kuhitaji spana. Niliikaza kwa mkono, nikapima oili, nikaona bado ipo ya kutosha, kisha nikairudisha kwa wakala taratibu. Fundi aliyenipokea hakuonesha kushtuka. Alichukua spana ndefu, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka pikipiki ikatikisika kwenye stendi, akapangusa kwa kitambaa, akaniambia niende. Hakubadilisha washa (ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha bolti), hakupima mkazo, wala hakuandika chochote kwenye kadi ya sevisi.

Tangu siku hiyo nina mashaka mawili yanayopingana: kwamba sevisi ijayo bolti itaachwa tena imelegea, na kwamba safari hii imekazwa kupita kiasi na nyuzi za ndani ya tundu, yaani mikato ya mzunguko inayoishika bolti, zimeumia. Je, kila nikitoka kwa wakala niweke spana yangu mwenyewe kuhakikisha? Au kwa kufanya hivyo nami nitazidi kuiharibu? Na je, ukaguzi wa namna hii unaweza kunipotezea waranti?

Fundi wa Chang'ombe:

Kaka, pole kwa usumbufu, na ulifanya vyema kupima oili kabla ya kuiwasha, kwa sababu hapo ndipo wengi hupoteza injini. Pikipiki ya aina yako hubeba oili inayokaribia lita moja tu, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi. Hakuna akiba mahali pengine. Nyingi za pikipiki hizi hazina hata taa ya kuonya kuhusu oili, kwa hiyo dalili ya kwanza utakayoipata ni mlio mkavu wa kugongagonga kutoka juu ya injini, kwenye kamshafti na roka zinazofungua vali, kwa kuwa huko juu ndiko oili inakochelewa kufika na ndiko inakoanza kukosekana. Ukisikia mlio huo, madhara yamekwisha kuanza.

Sasa kuhusu spana. Bolti ile ni ya chuma, lakini mwili wa injini inamoingia ni wa aluminiamu, ambayo ni laini zaidi. Anayeumia kila mara ni aluminiamu. Ukiweka spana kila baada ya sevisi na kuongeza kidogo "kwa usalama", na fundi wa sevisi inayofuata naye akaongeza kidogo, kila mmoja wenu anaamini amefanya jambo jema, kumbe nyuzi zinavutwa hatua kwa hatua mpaka siku moja bolti inazunguka bila kushika. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba ukaguzi wa kawaida ufanywe kwa jicho na kwa kidole kikavu, na si kwa spana.

Ukaguzi wenyewe uanzie palepale uani kwa wakala, kabla hujawasha injini. Simamisha pikipiki wima mahali pa tambarare, chomoa kijiti cha kupimia oili, kipanguse, kirudishe, kisha usome. Angalia kitabu cha pikipiki yako kinasemaje juu ya kukirudisha, maana katika pikipiki nyingi ndogo kijiti huingizwa tu bila kufungwa, na ukikifunga utasoma kiwango kisicho sahihi. Kama chujio limebadilishwa, kiwango kitashuka kidogo baada ya injini kuzunguka kwa mara ya kwanza, kwa hiyo iwashe kwa dakika tatu hivi, izime, subiri oili ishuke, upime tena. Baada ya hapo piga magoti, pangusa kichwa cha bolti na eneo lote linaloizunguka mpaka pakauke kabisa, kwa sababu oili iliyomwagika wakati wa kubadilisha hubaki imejificha kwenye mifereji ya injini na kukudanganya kwamba kuna mvujo.

Ukishafika nyumbani, au ukishatembea kilometa 15 au 20, angalia tena. Vumbi letu la hapa Dodoma, ambalo tunalilalamikia kila siku, kwenye jambo hili ni msaidizi mzuri: hukaa juu ya oili mpya na kufanya mstari mweusi wenye unyevu, wakati sehemu kavu hubaki na rangi yake ya udongo. Ila usidhani kwamba mahali palipo na oili nyingi ndipo inapovuja, maana upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Tafuta sehemu iliyolowa ambayo ipo mbele zaidi na juu zaidi kuliko nyingine zote; hapo ndipo chanzo. Kama bado una shaka, safisha kwa petroli kidogo injini ikiwa imepoa, acha pakauke, nyunyiza poda ya mtoto, kisha endesha kwa mwendo mfupi. Poda itaonesha wazi njia ya oili inapoanzia.

Kuhusu washa ambayo hawakubadilisha, hilo ndilo lililonisikitisha zaidi katika maelezo yako. Washa ya shaba au ya aluminiamu imetengenezwa ikubali kubonyea, ijaze vijinafasi vidogo kati ya bolti na injini. Ikishabonyezwa mara moja huwa ngumu na haizibi vizuri tena, na hapo fundi asiye mwangalifu hukaza zaidi ili kuzuia mvujo, badala ya kubadilisha kitu cha bei ndogo kabisa katika kazi nzima. Nyuzi nyingi nilizozitengeneza kwa mikono yangu ziliharibiwa na washa kuukuu.

Dereva wa njia ya Kondoa:

Ninaheshimu maelezo ya fundi, lakini kuna jambo moja sikubaliani nalo, na ninalisema kwa sababu mimi hubeba abiria na siwezi kubahatisha. Bolti iliyokazwa kwa vidole tu, ikiwa na washa mpya, inaweza kukaa kavu kabisa siku nzima ya kwanza. Jicho halitaona kitu. Poda haitaonesha kitu. Kisha mtetemo wa silinda moja na matuta ya njia vitaitoa taratibu, na itakuangusha ukiwa mbali na mji. Kidole nacho hakitoshi, maana bolti iliyokazwa nusu haizunguki kwa kidole. Mimi nikitoka sevisi naweka spana, na nitaendelea kuweka.

Fundi wa Chang'ombe:

Ndugu dereva, hoja yako ni ya kweli, nami ninaikubali: bolti inaweza kuwa kavu na bado ikawa haijakazwa inavyotakiwa. Basi tuseme hivi. Spana iwekwe mara moja tu, mara baada ya sevisi, kwa nia ya kupima na si ya kukaza, na baada ya hapo jicho liendelee na kazi.

Namna ya kuiweka ina umuhimu wake. Katika pikipiki nyingi ndogo, vitabu vya watengenezaji hutaja mkazo wa bolti hii kati ya niutoni mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 20 na 35, na takwimu sahihi ya pikipiki yako imo kwenye kitabu chake, kwa hiyo usichukue ya jirani. Ili mtu aelewe ukubwa wa nguvu hiyo, chukulia niutoni mita 25. Kwa spana yenye urefu wa sentimita 20, ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 12 na nusu hivi kwenye ncha ya mpini. Hiyo ni nguvu ya mkono mmoja, tena bila kukunja uso. Sasa mtu anayechomeka bomba kwenye spana ili mpini ufike nusu mita, kisha akavuta kwa nguvu ya kilo 30, amekwisha kuzidisha mkazo huo takriban mara sita, na bado atakwambia ameibana vizuri.

Kwa hiyo tumia spana fupi inayoenea kichwa cha bolti sawasawa, ishike karibu na kichwa, usukume upande wa kukaza kwa nguvu ya kiasi. Ikisogea kirahisi, ilikuwa imelegea, na hilo umwoneshe wakala palepale kabla hujaondoka. Isiposogea, acha. Usitafute kuisogeza. Mwenye spana ya kupimia mkazo anaweza kuiweka kwenye kipimo cha chini ya kile cha kitabu na kusikiliza: ikilia kabla bolti haijasogea, hakuna haja ya kuongeza kitu.

Kisha chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja mwembamba unaoanzia juu ya kichwa cha bolti na kuendelea kwenye mwili wa injini. Kuanzia hapo huhitaji spana tena mpaka sevisi ijayo, kwa kuwa bolti ikizunguka hata kidogo mstari utakatika na vipande vyake viwili havitaelekeana. Katika mashindano ya pikipiki wanakwenda mbali zaidi: hutoboa kichwa cha bolti na kukifunga kwa waya ili isiweze kurudi nyuma, kwa sababu oili ikimwagika njiani huwaangusha na wengine wanaofuata. Kwa matumizi yetu, mstari wa rangi unatosha, na unaonekana hata kwa mwanga wa simu.

Afisa Ugani, Bahi:

Ninawashukuru wote. Naomba kuongeza jambo ambalo naona limepitwa haraka, nalo ni tairi la nyuma. Sisi tunaozunguka vijijini kwa pikipiki za kazi tunazungumzia injini kana kwamba ndiyo pekee inayoweza kufa. Bolti hii ipo mbele ya tairi la nyuma, kwenye mstari uleule, na oili ikitoka ukiwa kwenye mwendo husukumwa moja kwa moja kuelekea huko. Kwenye lami, na hasa kwenye kona, tairi lenye oili halina tena kitu cha kushikilia.

Kwa hiyo ukihisi nyuma panateleza bila sababu, au ukiona kiatu chako kimelowa oili, usikamate breki kwa ghafla wala usilaze pikipiki kwenye kona. Achia mpini wa mafuta taratibu, iache ipungue mwendo ikiwa imenyooka, toka barabarani, uzime injini. Na kama injini imekwisha kukamata na tairi la nyuma limejifunga, bana klachi mara moja, kwani hapo ndipo tairi linapopata nafasi ya kuzunguka tena. Baada ya hapo usiiwashe hata kwa kujaribu. Heri kusukuma au kupakia kwenye gari. Tairi lioshwe kwa maji na sabuni mpaka mtelezo uishe, na breki ya nyuma ifunguliwe ikaguliwe, maana viatu vya breki vikishanyonya oili havirudi kuwa kama mwanzo.

Nina swali kwa fundi: kwenye pikipiki yangu kuna bolti ya kawaida chini ya injini, na pembeni yake kuna kifuniko kikubwa zaidi chenye kichwa kipana. Safari moja nilimwona fundi wa gereji fulani akifungua hicho kikubwa ili kumwaga oili. Je, ni sahihi?

Fundi wa Chang'ombe:

Dada, swali hili ni zuri sana na linawahusu wengi. Kifuniko hicho kipana, katika injini nyingi za cc 125 na 150, ndicho kinachoshikilia kichujio cha wavu pamoja na springi yake, na huzibwa kwa pete ya mpira. Oili itatoka ukikifungua, na kuna aina za pikipiki ambazo hapo ndipo pekee pa kumwagia, lakini fundi anapaswa kujua anachokishika. Ikiwa pete ya mpira imebanwa vibaya, kitavuja. Ikiwa springi imesahaulika, wavu hautakaa mahali pake. Tena kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa, kinamshawishi mtu achukue spana kubwa na nguvu kubwa, wakati mkazo unaotakiwa mara nyingi ni wa kawaida tu. Kwa hiyo chora mstari wa rangi kwenye vyote viwili.

Pia kuna bolti ambazo hazihusiani kabisa na oili lakini zimekaa chini ya injini na kufanana nayo. Katika Honda za familia ya Cub, kwa mfano, kuna bolti ya kikaza cheni ya kamshafti inayoonekana kwa chini, na ndani yake kuna springi. Mtu akiifungua kwa kudhani ndiyo ya oili, anajitafutia kazi nyingine.

Mkazi wa Nzuguni:

Nimewasoma wote kwa makini na nimekwisha kuchora mistari. Hadi sasa bolti ni kavu. Limebaki swali la waranti, kwa sababu nilipomweleza wakala kwamba nitakuwa nakagua mwenyewe, alinijibu kwamba mteja haruhusiwi kugusa kitu chochote. Tena bado sijui kama ile spana ndefu iliacha nyuzi zikiwa salama.

Niliyewahi kufanya kazi gereji ya wakala:

Ndugu yangu wa Nzuguni, nimefanya kazi ndani ya gereji za namna hiyo kabla ya kuanza shughuli zangu, kwa hiyo niruhusu nieleze bolti inavyosahaulika, maana ukijua hilo utajua pia cha kudai.

Mara chache sana bolti huachwa kwa sababu fundi hajui. Oili chafu huchukua muda kuisha kutoka, kwa hiyo fundi huiacha ikidondoka na kwenda kurekebisha cheni au kusafisha kichujio cha hewa. Akirudi anaingiza bolti kwa vidole ili kuzuia matone, akikusudia kuikaza baadaye. Hapohapo anaitwa mapokezi, au mteja mwenye haraka anamsimamia, au mwenzake anaona pikipiki ina bolti tayari, anamimina oili mpya na kuifunga juu. Kwa macho, kazi imekamilika. Hakuna anayejua kwamba bolti ilikuwa inasubiri spana. Gereji makini huzuia jambo hili kwa kanuni moja: anayeiingiza bolti ndiye anayeikaza palepale, tena kwa kipimo, na anasaini mstari wake kwenye kadi kabla oili mpya haijafunguliwa. Ukienda tena, muombe msimamizi kwa adabu aandike kwenye kadi mambo matatu: washa mpya imewekwa, bolti imekazwa kwa mkazo gani, na nani ameikaza. Mtu anapojua kwamba jina lake litaandikwa, spana huwekwa. Omba pia upewe washa kuukuu mkononi. Usipopewa, umejua.

Kuhusu waranti, kitabu cha sevisi ndicho chenye masharti, kwa hiyo kisome chenyewe badala ya kutegemea maneno ya mapokezi. Kupima oili kwa kijiti ni jambo ambalo vitabu vya pikipiki humtaka mmiliki alifanye mwenyewe mara kwa mara, na kutazama kama pana mvujo ni sehemu ya ukaguzi wa kabla ya safari. Kupangusa, kutazama na kuchora mstari si kufungua injini. Kwa upande wa spana kwenye bolti, kwa kuwa upo ndani ya waranti, ningekushauri kipimo kile cha mara moja alichokieleza fundi kifanyike uani kwa wakala, mbele yako, na kwa mkono wa fundi wao, ili kusiwe na wa kusema kwamba uliikaza wewe. Ikitokea wakakataa kuwajibika kwa uharibifu walioufanya wao, Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inashughulikia pia masuala ya ulinzi wa mlaji. Lakini anza na barua kwa meneja, kwani mengi humalizika hapo.

Nyuzi huwezi kuzijua kwa nje, na nakuomba usiifungue bolti kwa udadisi tu. Subiri ubadilishaji wa oili unaofuata na usimame karibu inapofunguliwa. Bolti ambayo nyuzi zake ni nzima ikishalegezwa hutoka kwa vidole, laini, mpaka mwisho, na huingia hivyohivyo. Ikikwaruza, au ikitoka na vipande vya aluminiamu vimejiviringisha kwenye nyuzi zake kama waya mwembamba, nyuzi za injini zimekufa. Hapo usikubali wakuwekee bolti nene iliyolazimishwa, wala gundi. Dai wakate nyuzi upya na kupachika ndani ya tundu kipande chenye nyuzi za chuma kinachokubali bolti ya ukubwa wa asili, kazi ambayo ikifanywa vizuri hudumu kuliko hata aluminiamu ya mwanzo. Na chembe za kukatia zisafishwe zote kabla injini haijafungwa, kwa sababu zikibaki ndani zitasafiri na oili.

La haraka kuliko yote ni kadi yako. Rudi wiki hii, kabla hujaongeza kilometa nyingi, uwaombe waandike na kupiga muhuri kwamba pikipiki ilirudishwa bolti ikiwa imelegea na kwamba ilikazwa upya bila kubadilishiwa washa, pamoja na tarehe na usomaji wa kilometa. Kama wana simu ya ofisi, watumie pia picha ya lile doa la sakafuni kama ulilipiga, pamoja na ya bolti yenye mstari wa rangi, ili sevisi ijayo ikifika, suala la nani alizigusa nyuzi kwa mara ya mwisho liwe limekwisha kujibiwa kwa maandishi.